Bao la Wengi kwa Mashine Kuukuu: Kuweka Seva ya Mchezo Nyumbani

Matini ya mazungumzo ya fundi wa kompyuta mbele ya wakazi, katika mkutano wa kata



Nimeitwa hapa kwa sababu moja. Vijana kadhaa wa kata yetu wamekusanya kompyuta tatu zilizokwisha kuacha kazi, nao wanataka kuzifanya ziwe mashine moja ya kuendeshea mchezo unaochezwa na watu wengi kwa wakati mmoja. Mashine hiyo itakaa katika nyumba ya mmoja wao, na watoto wa majirani watakuwa wakikusanyika hapo. Wapo wazazi walioafiki. Wapo waliosema kwamba huo ni mlango mwingine wa uvivu, na kwamba mtoto akishaonja mchezo wa kompyuta atakwenda moja kwa moja kwenye kamari. Wapo pia wanaouliza ni nani atakayelipa umeme. Maswali hayo yote ni ya haki, na vijana wamekubali kusubiri mpaka wazee waseme neno lao.

Mimi si hakimu wa jambo hili. Kazi yangu ni kueleza kitu chenyewe, ili anayekataa ajue anakataa nini, na anayekubali ajue anabeba mzigo gani. Nitaeleza seva ni nini, namna inavyoundwa kwa vipuri, gharama yake ya umeme, mahali pa intaneti katika jambo hili, hatari zake, na mwisho masharti ambayo naona yanafaa.

Seva ni nini

Tuanze na bao, kwa kuwa bao tunalijua. Wachezaji wawili wanapokaa barazani, bao liko kati yao. Kila mmoja ana mawazo yake, lakini kete zote ziko mahali pamoja, na zinaonekana na wote. Mtu akisema shimo fulani lina kete saba, hatubishani, tunatazama bao. Kama kila mchezaji angekuwa na bao lake nyumbani kwake, kusingekuwa na mchezo, kwa kuwa kila mmoja angekuwa na hesabu yake.

Seva ndiyo bao hilo. Ni kompyuta ambayo haihitaji hata kuwa na kioo. Kazi yake ni kushika hesabu ya mchezo: nani yuko wapi, amejenga nini, amebeba nini. Simu au kompyuta ya mchezaji hupeleka ombi: nimepiga hatua, nimeweka tofali hapa. Seva hulikubali ombi au hulikataa kwa mujibu wa kanuni, kisha huwaarifu wachezaji wote. Katika mchezo uitwao Minecraft, seva hurudia kazi hiyo mara 20 katika kila sekunde. Ndiyo maana watu kumi wanaweza kujenga nyumba moja, na kila mmoja akaona tofali la mwenzake linapowekwa.

Jambo hili lina umri mkubwa kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza, mwanafunzi Roy Trubshaw alianza kuandika mchezo uliowawezesha watu wengi kuingia katika dunia moja ya maneno matupu, bila picha, na mwenzake Richard Bartle akauendeleza. Mashine waliyoitumia ilikuwa kubwa na ya chuo kizima. Mwaka 1993 mchezo wa Doom uliwawezesha watu wanne kucheza pamoja katika mtandao wa ndani ya jengo. Mwaka 1996 mchezo wa Quake ulitenganisha wazi kazi ya seva na kazi ya mchezaji, hata mtu akaweza kuiacha kompyuta moja iendeshe mchezo peke yake. Hapo ndipo kompyuta ya zamani, badala ya kutupwa, ilipopata kazi mpya kwenye kona ya nyumba.

Na sisi Tanzania tuna historia yetu na mashine hizi. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na marufuku hiyo ilidumu kwa miaka mingi. Mzee aliyekua katika zama hizo ana haki ya kustaajabu anapoona leo kompyuta zimerundikwa nyuma ya duka la fundi kama mabati yaliyong'olewa. Uhaba umegeuka kuwa taka, na hilo nalo ni jambo la kata kulitazama.

Mfano wa majirani

Msidhani kwamba mchezo wa namna hii haujawahi kutumika kwa jambo zito. Mwaka 2012 Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi, UN-Habitat, lenye makao yake makuu Nairobi, lilishirikiana na Mojang, kampuni ya Sweden iliyotengeneza Minecraft, katika mpango ulioitwa Block by Block. Mojawapo ya maeneo ya mwanzo kabisa lilikuwa Kibera, Nairobi. Wakazi walikaa kwa makundi mbele ya kompyuta, wakajenga ndani ya mchezo sura ya uwanja wao wa umma kama walivyotaka uwe: njia ipite wapi, taa ziwekwe wapi, watoto wachezee wapi. Mchoro wa mhandisi husomwa na wachache. Ukuta wa matofali ndani ya mchezo humwelea kila mtu, na bibi asiyejua kusoma ramani huweza kusema, "Hapa pana giza, wekeni taa."

Katika Kibera hiyohiyo, taasisi iitwayo Tunapanda imejenga mtandao wa kijamii unaounganisha shule na vituo, na masomo ya Kolibri huhifadhiwa kwenye seva iliyo palepale, ili mwanafunzi asome hata pasipo intaneti ya kulipia. Hapa nchini, Kondoa, mkoani Dodoma, nako ulianzishwa mtandao wa kijamii kwa ushiriki wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dodoma. Naitaja mifano hii ili tuone kwamba seva ya kienyeji haina jipya la kuogopesha. Anayejua kuweka seva ya mchezo anajua kuweka seva ya vitabu, kwa kuwa mashine ni ileile, waya ni uleule, na ufundi ni uleule.

Kuunda kwa vipuri

Sasa tuingie kwenye mashine. Kati ya kompyuta tatu mbovu, mara nyingi moja nzima hupatikana, kwa kuwa hazifi ugonjwa mmoja. Moja imeungua pawasaplai, nyingine imekufa diski, ya tatu bodi mama yake imeharibika. Fundi huchukua kilicho kizima katika kila moja.

Kwanza ni bodi mama pamoja na prosesa yake. Tazameni kapasita, vile vikopo vidogo vilivyosimama juu ya bodi. Kama vimevimba kichwani au vimetoa ute, bodi hiyo msiitumie. Badilisheni betri ndogo ya duara, ile ya volti 3 yenye namba CR2032. Betri hiyo ikifa, kompyuta husahau saa na tarehe kila inapozimwa, na mtu asiyejua hudhani mashine nzima ni mbovu.

Pili ni kumbukumbu, ambayo mafundi huiita ramu. Vipande vya DDR2 haviingii kwenye nafasi ya DDR3, kwa kuwa pengo lake liko mahali tofauti. Msilazimishe. Kwa wachezaji wachache, gigabaiti 4 zinatosha kwa seva ya Minecraft pamoja na mfumo endeshi wake.

Tatu ni diski. Hapa nasisitiza. Diski ya zamani inayozunguka ndiyo sehemu ya kwanza kufa, na ikifa hufa na kila kitu kilichomo. Ikiwa kuna fedha ya kununua kitu kimoja tu kipya, ninunuliwe diski ndogo ya kisasa isiyo na sehemu zinazozunguka. Haili umeme mwingi na haisumbuliwi na mtikisiko.

Nne ni pawasaplai. Hii isifunguliwe na kijana yeyote. Ndani yake umeme hubaki hata baada ya waya kuchomolewa. Ikiwa mbovu, ibadilishwe nzima.

Tano ni upepo. Ondoeni vumbi kwenye feni kwa brashi laini, na pakeni upya grisi ya joto kati ya prosesa na kipoozeo chake, kwa kuwa ile ya zamani hukauka ikawa kama chokaa.

Kwa upande wa programu, hakuna sababu ya kuiba. Mfumo endeshi wa Debian hutolewa bure, nao hufanya kazi kwenye mashine za zamani. Programu ya seva ya Minecraft nayo hupakuliwa bure, ila kila mchezaji hutakiwa kununua mchezo wenyewe. Kwa familia zetu gharama hiyo si ndogo. Ndiyo maana mimi napendekeza Luanti, programu huria iliyoanzishwa mwaka 2010 na Perttu Ahola wa Finland kwa jina la Minetest, na kubadilishwa jina mwaka 2024. Nayo ni ya kujenga kwa matofali, ni ya bure kwa seva na kwa mchezaji, na huendeshwa hata kwenye simu za Android. Kwa kawaida yake seva ya Luanti hupokea wachezaji 15 kwa pamoja, idadi ambayo inatosha kabisa kwa kitongoji.

Jambo la mwisho kuhusu vipuri ni asili yake. Kompyuta iliyolala stoo ya shule au ya ofisi ya umma ni mali ya umma mpaka taratibu za kuiondoa zikamilike, hata ikiwa haiwaki. Asiichukue mtu kwa maneno ya mlinzi. Anayenunua kwa mtu binafsi apate hati ya mauziano. Na diski iliyotoka ofisini ifutwe kabisa kabla ya kutumika, kwa kuwa huenda ina majina, namba na habari za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazilinda habari hizo.

Hesabu ya umeme

Sasa swali la nani atalipa. Tuhesabu pamoja, kwa kuwa hapa ndipo nyumba nyingi zinapoweza kuumia bila kujua.

Kompyuta ya mezani ya zamani, bila kioo, tuipe wati 60. Ikiwaka saa 24 itakula uniti 1.44 kwa siku, yaani uniti 43.2 kwa siku 30. Kompyuta mpakato ya zamani, tuipe wati 20. Ikiwaka saa 24 itakula uniti 14.4 kwa siku 30.

Jedwali la bei la TANESCO lililoanza mwaka 2016 liliweka kundi la D1 kwa nyumba zinazotumia umeme kidogo: shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi hapo, kabla ya kodi na tozo. Chukueni nyumba inayotumia uniti 50. Inalipa shilingi 5,000. Iongezeeni kompyuta ya mezani inayowaka usiku na mchana: jumla ni uniti 93.2. Uniti 75 za kwanza ni shilingi 7,500, na uniti 18.2 zilizozidi ni shilingi 6,370. Jumla ni shilingi 13,870. Mashine moja imeongeza karibu shilingi 8,900 kwa mwezi. Tena nyumba inayozidi mara kwa mara huweza kuhamishiwa kundi jingine, ambako hakuna uniti ya shilingi 100. Mjane mwenye nyumba, ambaye mwanawe ndiye amepewa heshima ya kuweka seva, ndiye atakayebeba mzigo huo kimyakimya.

Lakini ikiwashwa saa 4 tu kwa siku, mashine ileile itakula uniti 7.2 kwa mwezi, yaani shilingi 720 katika nyumba ileile. Na kompyuta mpakato kwa saa 4 ni uniti 2.4, yaani shilingi 240. Kila mmoja atazame risiti yake ya LUKU afanye hesabu kwa bei aliyo nayo. Tofauti kati ya seva inayofaa na seva inayoumiza ni swichi ya kuizimia, na hakuna kanuni inayosema seva ya kitongoji iwake usiku watu wakiwa wamelala.

Kompyuta mpakato ina faida nyingine: betri yake. Umeme ukikatika, seva haifi ghafla katikati ya kuandika, na hapo hesabu ya mchezo huokoka. Ikiwa betri bado inashika hata dakika 20, muda huo unatosha kuizima kwa utaratibu. Mpakato iliyovunjika kioo, ambayo huuzwa kwa bei ya kutupa, kwa seva ni mashine nzima.

Milima yetu nayo ina mambo yake. Baridi ya Usambara ni rafiki wa kompyuta, ila ukungu si rafiki. Mashine iliyolala baridi usiku kucha, ikaletwa ghafla kwenye chumba cha moto wa jiko, hutoa jasho ndani kama kioo cha dirisha. Iacheni ipate joto la chumba kabla ya kuiwasha. Isiwekwe sakafuni, wala ukuta unaolia maji. Na wakati wa radi, ambazo sote tunazijua, chomoeni waya wa umeme na waya wa mtandao pia. Kuizima kwa swichi peke yake hakutoshi.

Bila intaneti

Watu wengi hudhani kwamba mchezo wa kompyuta ni lazima ule vifurushi vya intaneti. Seva ya nyumbani haili. Ruta ndogo ya waifai, hata ile ambayo laini yake imekwisha muda, huweza kuunganisha simu na seva ndani ya nyumba. Mawasiliano yanatoka kwenye simu yanaingia kwenye ruta, yanafika kwenye seva, yanarudi. Hayatoki nje ya ua. Hakuna senti inayokwenda kwa kampuni ya simu. Kinachohitajika ni intaneti ya siku moja tu, ya kupakulia programu, na baada ya hapo programu hizo zinaweza kugawiwa kwa flashi.

Yupo atakayeuliza: je, ndugu yetu aliyeko Tanga au Dar es Salaam hawezi kuingia? Kwa laini za simu za kawaida ni vigumu, kwa kuwa kampuni huwapa wateja wengi anwani moja ya kushirikiana, na mgeni kutoka nje hana njia ya kubisha hodi kwenye mlango wa nyumba moja. Zipo mbinu za kuvuka, lakini kwa seva ya watoto mimi nashauri tusizitafute. Mlango uliofunguliwa kwa ndugu mmoja umefunguliwa kwa dunia nzima. Na atakayefikiria kugeuza ruta hiyo kuwa biashara ya kuuzia watu intaneti, aende kwanza TCRA aulize leseni.

Hatari, na tofauti ya mchezo na kamari

Nimefika kwenye hofu ya wazazi, nami siipuuzi. Tutenganishe vitu viwili. Mashine za sarafu ni michezo ya kubahatisha. Mtoto anaweka fedha, bahati inaamua, na mashine imetengenezwa ili mwenye mashine apate faida. Sheria inakataza mtu wa chini ya miaka 18 kucheza. Mtoto anayeonekana kwenye mashine hizo ni jambo la kupeleka kwa Mtendaji leo, seva iwepo au isiwepo.

Mchezo wa kujenga hauna sarafu wala dau. Lakini kutokuwa kamari hakuufanyi usiwe na madhara. Unakula muda. Mtoto aliyezoea anasahau kuchota maji, anasahau mifugo, anasahau daftari. Wakubwa huweza kuwanyang'anya wadogo walichojenga, na maneno machafu husemwa. Na nyumba inayokusanya watoto jioni huvutia pia watu wazima ambao hawana kazi na watoto. Hili nalisema wazi, hasa kwa ajili ya mabinti zetu. Hatari kubwa katika chumba chenye seva hutoka kwa aliyeketi karibu na mtoto, na hakuna programu ya kuizuia. Huzuiwa na mzazi aliyepo.

Kwa upande mwingine, tutazame gharama ya kukataa. Kijana anayejua kufungua kompyuta, kutambua kipuri kilichokufa, kuweka mfumo endeshi na kuunganisha mtandao, ana nusu ya ufundi unaolipiwa katika shule, zahanati na maduka ya wilaya hii. Wengi wanaojifunza ufundi huo huanzia kwenye mchezo, kwa sababu mchezo ndio unaowafanya warudi kwenye mashine ilipogoma mara ya tano. Tukimkataza kijana hapa, haendi kusoma. Anateremka mjini, anakaa kwenye kibanda ambacho hatukijui, kwa fedha ambayo hatujui ilikotoka.

Masharti ninayopendekeza

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naleta masharti saba mbele ya mkutano, yajadiliwe na kurekebishwa.

Moja: seva iwake saa zisizozidi 4 kwa siku, na izimwe saa 12 jioni. Siku za shule mtoto asiingie kabla ya kumaliza kazi za nyumbani na za darasa. Majira ya mitihani ya taifa seva ifungwe kwa wanaofanya mitihani.

Mbili: gharama ya umeme ihesabiwe kwa uniti, na ilipwe na wachezaji kwa kuchangiana. Nyumba inayohifadhi seva isilipe zaidi ya wengine. Michango iandikwe kwenye daftari linaloonekana na wote.

Tatu: mlango wa chumba uwe wazi wakati wote wa mchezo, na mtu mzima anayejulikana na wazazi awepo. Zamu za kukaa hapo zigawanywe kati ya akina baba na akina mama.

Nne: kila mchezaji awe na jina na neno lake la siri, na asiyeandikishwa asiingie. Seva iwekwe ikatae mtu asiye na neno la siri. Anayetukana au kubomoa kazi ya mwenzake asimamishwe kwa muda utakaopangwa na wachezaji wenyewe, mtu mzima akiwa shahidi.

Tano: hakuna dau, hakuna kuuziana vitu vya mchezo kwa fedha. Siku dau likiingia, seva ifungwe.

Sita: kila Jumamosi nakala ya kazi yote iwekwe kwenye flashi inayohifadhiwa nyumba nyingine. Nyumba ya kujengwa kwa miezi mitatu isipotee kwa diski iliyokufa usiku mmoja.

Saba: mashine hiyohiyo iwekwe pia vitabu. Programu ya Kiwix huwezesha kusoma Wikipedia, ikiwemo ya Kiswahili, bila intaneti, na Kolibri ina masomo ya hisabati na sayansi. Mtoto ambaye mzazi wake hataki aingie kwenye mchezo apewe haki ya kuingia kwenye vitabu, bila kuchangia umeme.

Na vipuri vilivyobaki visitupwe korongoni. Vioo vya zamani vyenye mgongo mkubwa vina risasi, na waya ukichomwa ili kupata shaba hutoa moshi wenye sumu. Maji yetu yanatoka juu ya mlima yakiteremka kwenye mashamba ya mboga, na kinachotupwa kwenye korongo la kitongoji kimoja huishia kwenye ndoo ya kitongoji kingine. Vikusanywe mahali pamoja pakavu, penye paa, na ofisi ya kata iwasiliane na afisa mazingira wa wilaya juu ya namna ya kuvipeleka kwa wenye kibali.

Tukiafikiana, nina ombi moja kwa vijana. Kazi yao ya kwanza ndani ya mchezo isiwe ngome wala jumba la kifalme. Wajenge soko letu na mfereji wake, mahali maji yanapojaa kila masika, kisha waje kutuonyesha hapa mkutanoni, kwa kioo cha kuazima, wapi wangeuchimba upya. Wazee watasema kama mteremko ni sahihi, na wanaouza sokoni watasema kama meza zimewekwa mahali pake. Tukiona wamekosea, tutawarekebisha, na kurekebisha ndani ya mchezo hakuli saruji.

Wazee wetu walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mashine hii vijana wataiunda, kwa ridhaa yetu au bila ridhaa yetu, hapa au kwingineko. Lililo mikononi mwetu leo ni kuamua kama tutakuwa chumbani humo pamoja nao. Ndugu Mwenyekiti, naurudisha mjadala kwa wananchi, nami nitabaki hapa kujibu maswali, hata ya hesabu ya uniti.